Ndani ya mbegu inayoelea mna nini?

(Mhadhara kwa wakulima na wanafunzi, Tukuyu)

Wazee wangu, akina mama, ndugu wakulima, shikamoni. Na ninyi wanafunzi mliokaa huku mbele, hamjambo?

Nimekuja na beseni la maji, jiwe la hapa hapa Tukuyu, kipande cha mpingo na mbegu kidogo. Tuanze na jiwe. Wengi mnalijua, mnalisugulia visigino. Mwanangu wewe, njoo ulitumbukize. Mnaona? Linaelea. Sasa weka mpingo. Umekwenda chini moja kwa moja. Jiwe limeelea, mti umezama! Basi tusimwambie tena mtoto kwamba mti huelea kwa sababu ni mti.

Nani hapa hajawahi kuchota maji kwa dumu la lita 20? Lifunge likiwa tupu, ulikandamize ndani ya pipa lililojaa. Litakusukuma mpaka mikono itetemeke. Dumu likizama lote, limeyahamisha maji ya lita 20, yaani kilo 20, na maji yanalisukuma juu kwa nguvu hiyo hiyo. Lenyewe halifiki hata kilo 2. Lazima liibuke. Jambo hili lilielezwa na Archimedes wa Syracuse, mtaalamu wa hesabu wa Kigiriki, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Kitu kikiwa chepesi kuliko maji yanayojaa nafasi yake, kinaelea. Kikiwa kizito kuliko hayo, kinazama. Ukubwa peke yake hausemi kitu.

Jiwe letu limetoka katika mlipuko. Mlima Rungwe mnaouona pale ulilipuka vibaya kama miaka 4,000 iliyopita. Mwamba ulioyeyuka ulikuwa na gesi ndani, ukaumuka kama unga wa maandazi, ukapoa ghafla kabla mapovu hayajatoka. Mnalobeba mkononi ni povu lililogeuka jiwe. Mawe ya namna hiyo yaliyorushwa na Krakatau, kule Indonesia, mwaka 1883, yalielea Bahari ya Hindi nzima mpaka mwambao wa Afrika.

Na mti ni hivyo hivyo. Ukiondoa hewa yote, nyama ya mti wowote ni nzito kuliko maji, karibu mara moja na nusu. Mpaina wa Sao Hill unaelea kwa sababu ya hewa iliyofungiwa katika vijitundu vyake. Gogo likilala majini miaka mingi, maji yanaingia hewa ilimokuwa, nalo linazama.

Sasa mbegu, maana najua ndizo zilizowatoa nyumbani asubuhi hii.

Wenzetu wa Kyela na Mbarali wakimwaga mpunga katika maji, mapepe yanapanda juu. Pepe ni ganda bila punje: ua halikushika, au punje ilinyonywa na wadudu ikiwa bado maziwa. Mahali pa wanga pamebaki hewa. Lakini kuna punje zilizojaa nusu, na hizo huzama pamoja na nzima. Hapo ndipo chumvi inapoingia. Koroga chumvi mpaka yai bichi la leo lielee, mgongo wake uonekane. Maji yamekuwa mazito, kwa hiyo yanainua hata punje zile dhaifu. Zinazobaki chini ndizo za kitaluni. Zisuuze vizuri kwa maji safi, tena upesi, chumvi isije ikaua uotaji. Kwa kahawa ni maji matupu tu: matunda yaliyotobolewa na mdudu ruhuka yanaelea, unayatenga kabla ya kumenya.

Lakini naomba mnisikilize hapa. Mwaka mmoja nilimwaga mbegu zangu za maboga majini, nyingi zikaelea, nikazitupa zote jalalani. Mvua ziliponyesha, jalala likafunikwa na miboga, na shambani kwangu nikawa na mapengo. Iliniuma sana. Mbegu ya boga ni bapa, ina hewa kati ya ganda na kiini, na ikikauka inaelea hata ikiwa nzima kabisa. Usiihukumu kwa sheria ya mpunga.

Zipo hata zilizoumbwa zielee. Nazi husafiri baharini kwa sababu ya makumbi yake yaliyojaa hewa. Charles Darwin, yule mwanasayansi Mwingereza, aliloweka mbegu za aina 87 katika maji ya chumvi. Baada ya siku 28, aina 64 ziliota. Aliona pia kwamba matawi yenye matunda yakikaushwa huelea muda mrefu kuliko mabichi.

Haya, mwanangu, tupia hizi mbegu 10 za boga. Moja, mbili… 8 zimeelea, 2 zimezama. Zitoeni, zipandeni pale nyuma ya darasa katika mistari miwili, mweke vijiti vya alama. Nitapita tena baada ya siku 10 tuzihesabu pamoja.