Nani Yuko Upande wa Pili wa Simu?

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa niongee kuhusu utafiti wa sasa juu ya kujifunza kwa simu. Nitaanza na simu ya vitufe, ile isiyo na intaneti, kwa sababu humo ndimo nilimoona matokeo yaliyonibadilisha mawazo.

Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, watafiti Noam Angrist, Peter Bergman na Moitshepi Matsheng walifanya jaribio nchini Botswana kwa familia zipatazo 4,500 zenye watoto wa shule ya msingi. Familia ziligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata kila wiki meseji yenye maswali machache ya hesabu. La pili lilipata meseji hizohizo, na juu yake mwalimu akapiga simu mara moja kwa wiki, dakika 15 hadi 20. La tatu halikupata kitu, ili liwe la kulinganishia. Mzazi alipokea, akamwita mtoto, akafungua spika, na wote watatu wakakaa na swali moja.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Waliopigiwa simu walisonga mbele kwa 0.12 ya mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama za wanafunzi zinavyotawanyika; ni kiasi cha maana kwa kazi ya dakika chache kwa wiki. Meseji peke yake haikuleta tofauti ya kuaminika. Baadaye jaribio lilirudiwa India, Kenya, Nepal, Ufilipino na Uganda, kwa wanafunzi zaidi ya 16,000. Simu ya mwalimu ilifaulu tena, tena kwa nguvu zaidi, na meseji ikabaki nyuma sana. Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote ni kwamba walimu wa serikali walipopewa kazi hii waliifanya vizuri sawa na wale wa mashirika yasiyo ya serikali.

Kwa nini sauti ishinde meseji, ilhali maswali ni yaleyale? Nitawaeleza nilichokiona mwenyewe, maana nimewahi kufundisha hesabu kwa njia hii. Nilimwuliza mtoto: 52 toa 17. Akajibu haraka, bila wasiwasi wowote: "Arobaini na tano." Mazoezi mengi ya kwenye simu yangemwandikia "Si sahihi, jaribu tena", naye angebahatisha hadi apatie. Mimi nikamwuliza, "Umepataje?" Akasema, "Saba toa mbili, tano. Tano toa moja, nne." Mnaona? Hakuwa mzembe. Alikuwa na kanuni yake, na aliifuata kwa uaminifu: siku zote toa ndogo kwenye kubwa, hata kama ndogo iko juu. Hilo ni kosa linalojulikana sana kwa wanaochunguza jinsi watoto wanavyofanya hesabu, na programu inaweza kuundwa ilitambue. Lakini lazima mtu awe amewaza kulitafuta. Meseji inatuma swali, haisikii mtoto anavyofikiri.

Simu haikosi nguvu yake yenyewe, na sipendi mtoke hapa mkidhani nasema hivyo. Nchini Niger, kuanzia mwaka 2009, mtafiti Jenny Aker na wenzake walifuatilia madarasa ya watu wazima katika vijiji 113. Wote walisoma kwa Kihausa au Kizarma. Katika baadhi ya vijiji wanafunzi walifundishwa pia kutumia simu za kawaida walizoshirikiana: kutambua herufi na tarakimu, kuandika meseji, kuisoma. Wenye simu walifaulu zaidi, na miezi saba baada ya madarasa kwisha alama zao za hesabu bado zilikuwa juu zaidi. Mimi naliona jambo hilo hivi: kwao kusoma kulipata kazi ya kufanya. Meseji ilikuwa nafuu kuliko kupiga, na ukitaka kuandikiana na ndugu lazima uzijue herufi. Hapo simu ilikuwa ndiyo sababu ya kujifunza, wala haikuchukua nafasi ya mwalimu.

Mtaniuliza juu ya kupiga marufuku simu darasani. Ushahidi haujakaa upande mmoja. Uchunguzi wa shule za miji minne ya Uingereza, uliochapishwa mwaka 2016, ulionesha kwamba baada ya marufuku alama zilipanda kwa wanafunzi waliokuwa dhaifu, huku wale hodari wakibaki palepale. Uchunguzi kama huo nchini Sweden haukuona mabadiliko. Mimi naegemea upande wa kuziweka mbali wakati wa somo, kwa ajili ya yule mdhaifu, kwa kuwa ndiye arifa moja inayompotezea uzi wote.

Na kuhusu kusoma: mwaka 2018 watafiti walijumlisha tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, wakakuta watu wanaelewa zaidi wakisoma kwenye karatasi kuliko kwenye kioo, hasa matini ya maarifa na hasa muda ukiwa umewabana. Kwa hiyo anayemtumia mwanafunzi sura nzima ya kitabu kwenye simu na kusema amemfundisha, amempa mzigo mgumu zaidi kuliko anavyofikiri.

Ndiyo maana mtu akija kwangu na programu mpya ya elimu, siulizi ina masomo mangapi. Namwuliza: mtoto akikosea, nani anajua amekoseaje, na baada ya muda gani?

Yule mtoto wa 52 toa 17 nilimpigia tena wiki iliyofuata, nikampa 63 toa 28. Kukawa kimya. Nikasikia mama yake akivuta pumzi ili amsaidie, nikamwomba asubiri. Kimya kikaendelea, kirefu kwa simu. Kisha mtoto akasema polepole, "Tatu haitoshi. Nakopa kumi kwanza."