Mpangaji Aliyehamia Mtaani: Kumkumbuka Patrick Geddes

Walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi wa mipango miji, asanteni kwa kujaza ukumbi.

Kazi yangu ya kwanza nilipotoka chuo ilikuwa kubeba kopo la rangi nyekundu. Mnaijua ile alama ya X, ya nyumba inayotakiwa kubomolewa. Niliichora kwenye kuta za nyumba ambazo sikuwahi kuingia ndani. Siku moja mama mmoja alisimama mlangoni akaniuliza, "Mwanangu, umehesabu tumo wangapi humu?" Sikuwa nimehesabu. Swali lile lilinikosesha usingizi, na ndilo lililonifikisha kwa mtu ninayetaka tumkumbuke leo.

Patrick Geddes alizaliwa Ballater, Uskoti, mwaka 1854, akafariki Montpellier, Ufaransa, mwaka 1932. Kwa masomo alikuwa mtu wa mimea, na kwa miaka mingi alifundisha botania Dundee. Aliutazama mji kama kiumbe hai, na kwa macho hayo akawa mmoja wa waasisi wa taaluma yetu. Nadharia zake mtazisoma darasani. Mimi nataka tukae nyumbani kwake.

Mwaka 1886 alimwoa Anna Morton, binti wa mfanyabiashara wa Liverpool, mwanamke aliyebobea katika muziki. Wangeweza kuishi upande mpya wa Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, penye nafasi na hewa. Badala yake, muda si mrefu baada ya harusi walihamia James Court, katika Mji Mkongwe, ambako wakati huo watu maskini walisongamana katika majengo marefu yaliyochakaa. Mtoto wao wa kwanza, Norah, alikuwa bado mchanga. Wazazi mliomo humu mnaelewa uzito wa uamuzi huo. Walianza kwa kusafisha, kupaka chokaa na kuweka maua madirishani, na majirani wakaingia kazini pamoja nao. Jengo lililooza kabisa lilibomolewa ili ua upate jua. Yanayofaa yalikarabatiwa, wakazi wakabaki. Geddes aliuita mtindo huo upasuaji wa kuhifadhi: unakata penye ugonjwa tu, na kabla ya kisu unamchunguza mgonjwa.

Norah alipokua, alibuni bustani katika mji uleule. Kamati ya baba yake ilizunguka Mji Mkongwe ikahesabu viwanja vitupu 75, vyote pamoja ekari 10 hivi, na Norah akaongoza kazi ya kugeuza baadhi yake kuwa bustani za watoto wa mtaa. Nikisikia tunaambiwa kwamba mjini hapana nafasi, huwa nawakumbuka watu wale waliotembea kwa miguu wakihesabu.

Nisimpambe kupita kiasi. Fedha zilimshinda, na safari zake hazikwisha. Anna ndiye aliyebeba mzigo mkubwa wa hesabu na wa nyumba, na jina lake halitajwi inavyostahili.

Mwaka 1914 Geddes alikwenda India pamoja na mwanawe Alasdair kuonyesha maonyesho yake ya miji. Meli iliyobeba shehena ya maonyesho ilizamishwa na manowari ya Wajerumani. Marafiki wakakusanya michoro mingine, na kazi ikaendelea. Alasdair baadaye alijiunga na jeshi. Mwaka 1917 akauawa Ufaransa. Habari ilipomfikia baba huko India, Anna alikuwa mgonjwa mahututi. Geddes hakumwambia. Alikaa kando ya kitanda akimsomea barua za zamani za kijana wao, kana kwamba zimefika jana. Anna alifariki mwaka huohuo bila kujua.

Mtu mwenye majeraha hayo mawili ndiye aliyeitwa Indore, mji uliokuwa ukisumbuliwa na tauni. Alipopita mitaani watu walimwogopa, wakionyeshana kwamba huyu ndiye mzee mbomoa nyumba. Niliposoma hapo, nililikumbuka kopo langu. Yeye aliiona hofu ile, akaijibu. Kama alivyosimulia mwenyewe, alimwomba mtawala ampe umaharaja wa siku moja, na akatangaza kwamba maandamano ya Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, mwaka ule hayatafuata njia ya zamani. Yatapita mitaa ambayo wakazi wameisafisha na kuitengeneza vizuri kuliko mingine.

Mji mzima ukashika ufagio. Taka zikatoka kwa mikokoteni, kuta zikapakwa rangi, nyumba zikakarabatiwa. Siku ilipofika, wafagiaji, watu waliozoea kudharauliwa na kila mtu, walipita katika maandamano wakiwa na nguo safi, wamevalishwa maua, na Geddes akawapa heshima mbele ya halaiki. Likapita jitu la uchafu, akapita panya mkubwa wa tauni, wote wa kuchomwa moto usiku. Nyuma yake yakaja magari ya matunda na mboga, na la mwisho kabisa likiwa limejaa vyungu vidogo vya miche ya tulsi, ndugu wa mrihani wetu, mmea ambao Mhindu huutunza uani na kuuheshimu. Kila aliyetaka alipewa chungu bure, akaenda nacho nyumbani kwake.