Maya: Kamba Ipo

Ndugu wasikilizaji, kila mara inapotajwa Maya, yaani fundisho la Kihindu kuhusu udanganyifu unaotufanya tuuone uhalisi vile usivyo, husikika madai yaleyale, kwamba Wahindu wanafundisha kuwa dunia haipo. Shankara, mwanafalsafa wa Kerala, kusini mwa India, wa yapata karne ya 8, hakufundisha hivyo.

Mfano wake mnaujua. Mtu anaona kamba gizani, anadhani ni nyoka. Moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka. Taa ikiletwa, nyoka hafi wala hakimbii. Inabainika kuwa hakuwapo tangu mwanzo. Lakini kamba ipo! Hapo wengi hupapita haraka. Kamba ni Brahman, uhalisi mmoja usio na mwanzo wala mwisho. Nyoka ni ulimwengu tunaouona umekatwakatwa vipande, mimi huku na wewe kule. Giza ni ujinga, yaani kutomjua Brahman. Na angalieni, hofu ya yule mtu ilikuwa hofu hasa. Kumwambia "tulia" kusingemsaidia. Alihitaji mwanga. Kabla mwanga haujafika, Shankara anakubali kwamba maisha ya kila siku yana sheria zake: njaa inauma, na deni hulipwa.

Ramanuja, mwanafalsafa mwingine wa kusini mwa India, wa karne ya 11 na 12, alimpinga Shankara vikali. Aliuliza: huo ujinga unaoizaa Maya unakaa kwa nani? Ukisema kwa Brahman, umemtia ujinga yule ambaye ni maarifa yenyewe. Ukisema kwa nafsi ya mtu, nafsi hiyo nayo ni zao la ujinga. Mtoto atamzaaje mama yake? Wafuasi wa Shankara hujibu kwamba ujinga huo hausemeki kuwa upo wala kuwa haupo. Mimi jibu hilo haliniridhishi. Ramanuja aligusa penyewe.

Hata hivyo, siwezi kukubali Maya itumiwe kuwapuuza wanaoteseka, eti mateso yao ni njozi. Swami Vivekananda, mtawa wa Kihindu aliyefuata mafundisho ya Shankara, alihutubia London mwaka 1896 akieleza kuwa Maya ni hali yetu tuliyomo: tunajua tutakufa, na bado tunaishi kana kwamba hatutakufa. Mwaka 1897 alianzisha Ramakrishna Mission, shirika la kuhudumia watu, na mwaka huohuo watawa wenzake walikuwa Murshidabad, Bengal, wakiwasaidia watu waliokumbwa na njaa. Waliamini kwamba, ikiwa uhalisi ni mmoja, basi anayemlisha mwenye njaa anamhudumia Mungu mwenyewe.