Kilele cha Mafuriko Hakimo Daftarini

(Mhadhara uliotolewa Mombasa)

Shikamooni wazee wetu, na nyinyi wengine hamjambo. Picha za nyumba zilizozama sikuja nazo. Mmeziona, na wengine wenu mmo ndani ya picha hizo. Nimekuja na swali ninaloliuliza kila ninapopewa nafasi ya kusema: usiku ule mto ulipofurika, ulipitisha maji kiasi gani? Usiniambie "mengi". Kiasi gani? Kwa mito yetu midogo, Kombeni na Tsalu inayomwaga hori la Tudor, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, Mwache na Cha Shimba inayoingia upande wa hori la Port Reitz, ukiuliza swali hilo mara nyingi hupati wa kukujibu.

Geji mnaijua, ule ubao wenye mistari ya sentimita unaokitwa ukingoni mwa mto. Msomaji, mtu wa hapo hapo kijijini, huusoma asubuhi na kuandika daftarini, jioni akarudi tena. Ni kazi ya heshima, na kwa mto kama Tana inatosha. Maji yakishamwagika kutoka mabwawa ya juu, Masinga hadi Kiambere, yana safari ya siku nyingi kupitia Garissa na Hola mpaka yafike Garsen. Wimbi la namna hiyo hata ukisoma mara mbili kwa siku hulikosi.

Sasa njooni Mwache. Tuseme mvua kubwa imepiga huko juu Kinango saa mbili usiku. Mto uliokuwa mchanga mtupu alasiri, saa nne unavuma, saa sita umefika kilele, na alfajiri umeshateremka. Msomaji anafika saa tatu asubuhi, anakuta maji ya magotini, anaandika sentimita 40. Hajasema uwongo, ameandika alichokiona. Lakini mwisho wa mwaka kuna mtu ofisini anayefungua lile daftari kutafuta kimo cha juu kabisa. Anakiokota humo, anampa mhandisi, na mhandisi anachora kalvati, ile njia ya maji chini ya barabara, kwa hesabu hiyo. Kwa hiyo tunajenga kalvati la kupitisha mabaki ya mafuriko! Mvua nyingine ikija barabara inakatika, tunakaa barazani tunasema ni kudra. Jamani, mvua ni ya Mungu. Ukubwa wa kalvati tumeuchagua sisi.

Dawa yake ni bomba. Chukua bomba la chuma la kipenyo cha inchi mbili, litoboe matundu chini, lifunike juu, ulifunge wima kwenye nguzo ya daraja. Ndani tia fimbo ya mbao iliyonyooka, na chini yake unga wa kizibo, kizibo hiki hiki cha chupa kilichosagwa. Maji yakipanda ndani ya bomba, unga unaelea na kupanda nayo. Yakishuka, unga unabaki umeganda kwenye fimbo pale pale yalipofika. Msomaji anakuja asubuhi, anafungua kifuniko, anachomoa fimbo, anaona mstari wa vumbi la kahawia. Anaupima kwa futi kamba, anaandika, anapangusa fimbo, anairudisha. Basi. Mto umejiandikia wenyewe usiku watu wamelala. Halihitaji betri wala mtandao, na fundi yeyote wa Kongowea mwenye mashine ya kuchomelea analitengeneza. Nimelisema hili mpaka wenzangu wananikwepa kwenye korido, na nitaendelea kulisema mpaka kila daraja lenye mto chini yake liwe na bomba lake.

Najua kuna anayejiuliza, kwa nini tusitumie vyombo vya kisasa? Tutumie! Rada inayofungwa chini ya daraja hutuma kimo cha maji kila dakika 15, na hiyo tunaihitaji ili watu waamshwe mapema, kwa sababu bomba halionyi mtu. Lakini paneli ya sola huibwa, betri hufa, na siku chombo kinaponyamaza ndiyo siku ya mafuriko. Wekeni vyote viwili.

Tena rada hiyo hupima kimo tu. Kimo si mtiririko. Mtiririko ni upana mara kina mara kasi. Mto wa upana wa mita 20, kina cha wastani mita 2, ukienda mita moja na nusu kwa sekunde, unapitisha mita 60 za ujazo kila sekunde, yaani tani 60 za maji. Kina kikiongezeka maradufu msidhani mtiririko nao unaongezeka maradufu tu. Katika mto mpana unapita mara tatu, kwa sababu kasi nayo imepanda. Ndiyo maana lazima watu waende na kipima mkondo, chombo cha kupima kasi ya maji, wakati mto umejaa, juu ya daraja, kwa kamba na uzito. Tukipima wakati wa kiangazi peke yake, ile sehemu ya juu ya mchoro wetu, ule unaotuambia kimo fulani ni mtiririko kiasi gani, inakuwa ya kukisia, na hiyo ndiyo sehemu inayoua watu. Na pakichimbwa mchanga pale kwenye geji, mchoro mzima umeharibika, upime upya.

Naona naonyeshwa saa. Haraka haraka, basi. Mto wa hapa hauishii kwenye daraja, unaishia kwenye hori, na bamvua, yale maji makuu ya bahari, ikijaa wakati mto nao umejaa, maji hayana pa kwenda. Bahari tunaipima Kilindini kwa ajili ya meli. Tuweke vipimo hivyo na vya mto meza moja. La pili, mtu akikwambia "mafuriko ya miaka 100" usilale ukisubiri karne. Ni nafasi ya asilimia moja kila mwaka, na ukikaa kwenye nyumba hiyo miaka 30, ni karibu moja kati ya nne kwamba yatakukuta. Na habari za mto Umba, unaoanzia Usambara upande wa Tanzania na kuwafurikia watu wa Vanga, nilitaka kuzisema kwa urefu, leo haziwezekani.

Nitakuwa pale mlangoni na ramani ya Kombeni na Tsalu na kalamu nyekundu. Mwenye kukumbuka maji yalifika wapi mwaka 1997, 2006 au 2023, kwenye ukuta gani, ngazi ya ngapi, atie alama kabla hajakwenda kwake. Wazee nawaomba mtangulie.