Albumini Haipimi Sahani Yako

Naona waliokaa mbele wameshaanza kucheka. Mnajua ninakoelekea. Haya, chekeni, lakini maadamu bado kuna mtu anamwambia mgonjwa mwenye albumini ya chini "nenda kale mayai", mimi sinyamazi.

Balaa limeanzia kwenye jina. Albumini imetokana na neno la Kilatini la ute wa yai, basi mtu akisikia imeshuka anadhani dawa iko jikoni. Albumini ya damu ni protini inayotengenezwa na ini, gramu 10 hadi 15 hivi kwa siku kwa mtu mzima, na kazi yake kubwa ni kuyashika maji ndani ya mishipa yasivujie nje.

Nilimpokea mzee mmoja, karatasi ya majibu imekunjwa mara nne mfukoni. Albumini 18. Kawaida ni gramu 35 hadi 50 kwa lita. Alikotoka aliambiwa amepungukiwa protini, ale. Akala! Wiki sita, mkewe anamhesabia mayai. Siku hiyo alikuja na kandambili kwa sababu viatu vilikataa kuingia. Nikabonyeza kidole gumba kwenye muundi, nikahesabu hadi kumi, nikaachia. Shimo likabaki, ungeweka punje ya hindi ikatulia humo. Nikamuuliza, mzee, mkojo ukoje? Akatazama chini. Mama ndiye aliyejibu: "Una povu, daktari. Kama la sabuni, wala halikatiki." Tukachovya kijiti cha kupimia mkojo, ile njano ikageuka kijani kilichokolea huku tunaangalia. Protini aliyokuwa anaitafuta kwenye sahani ilikuwa inamwagika chooni. Figo zinavuja! Ndoo imetoboka, mtu anahimizwa aongeze maji. Tukampeleka kwa daktari wa figo, na mama akaniuliza kwa upole, "Sasa mayai?" Nikamwambia ale kama watu wengine.

Najua kuna anayetaka kusimama aniambie, mbona baadhi ya watoto wenye utapiamlo mkali albumini yao hushuka? Hushuka, sikatai. Lakini wapo watu waliojinyima chakula hadi wakabaki mifupa, na albumini yao ikasoma kawaida. Halafu mtu aliyeshiba vizuri akipata maambukizi makali, ndani ya siku chache inaporomoka, maana ini limegeukia protini za vita na albumini yenyewe inachuruzika kutoka kwenye mishipa. Sasa hicho kitakuwaje kipimo cha lishe?

Daktari akiomba kipimo hiki anataka kujua: ini bado linatengeneza? Kuna mahali inapotea, kwenye figo, utumbo, au ngozi iliyoungua? Au mwili uko vitani? Namba moja haijibu yote hayo, ndiyo maana huambatana na vipimo vya mkojo, bilirubini (ile rangi ya njano ambayo ini huiondoa kwenye damu) na enzimu za ini, zile zinazovujia kwenye damu seli za ini zikijeruhiwa. Na hapo pana mtego. Ini lililosinyaa kwa makovu ya miaka mingi linaweza kuwa na enzimu zinazokaribia kawaida huku albumini iko chini. Homa ya ini iliyoanza juzi ni kinyume chake: enzimu zimepaa, albumini imetulia tu, kwa sababu nusu ya ile iliyokuwemo bado ipo hata baada ya siku kama 20. Usimpongeze mgonjwa mapema.

Ikipanda? Mara nyingi mtu kapungukiwa maji. Au mpira ulifungwa mkononi muda mrefu wakati wa kutoa damu, jambo ambalo wenzangu wa maabara hawapendi nilitaje.

Kalsiamu, harakaharaka: kama asilimia 40 yake katika damu imeshikana na protini, hasa albumini. Albumini ikishuka, kalsiamu ya jumla nayo husoma chini hata kama ile iliyo huru haina tatizo. Angalieni zote mbili kabla ya kuandika dawa. Na albumini ya mkojo, ile wanayopimwa wenye kisukari, ni kipimo kingine. Huko kuonekana kwa wingi ndiyo kasoro.

Wajawazito nilitaka niwaeleze kwa nini yao hushuka bila ugonjwa, ila naonyeshwa saa. Damu yao huongezeka maji, basi. Maswali? Yule mama wa nyuma, karibu. Lakini kama ni la mayai, keti.