Kijembe si Tusi

Nimeshalisema hili mara nyingi, na mlionisikia mwaka jana mnivumilie: kijembe si tusi. Juzi nimesoma kichwa cha habari kwamba mwanasiasa fulani karusha kijembe kwa mwenzake. Nikasoma habari yenyewe. Kumbe kamwita mwizi, kwa jina lake, mbele ya vipaza sauti! Kijembe kiko wapi hapo? Hilo ni shoka.

Neno lenyewe linajieleza. Wembe, jembe, kijembe: zote zina makali. Kijembe ni kisu kidogo, na anayechanjwa nacho huona damu kabla hajasikia maumivu.

Niliwahi kukaa kwenye kikao ambacho mwenyekiti alichelewa saa nzima. Akaingia, hakuomba radhi, akaanza kutuhubiria nidhamu ya muda. Mama mmoja mtu mzima, kakaa nyuma kabisa, akanyoosha mkono kwa adabu zote: "Mwenyekiti, utuwie radhi sisi wenye saa za bei rahisi. Zinakimbia mno, zimetuleta hapa saa tatu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Sasa tazameni alivyobanwa. Hakutajwa. Hakutukanwa; kaombwa radhi! Akikasirika, kakiri kwamba neno ni lake. Akinyamaza, limempata. Akicheka, anajicheka. Alichofanya ni kufungua faili na kusoma ajenda kwa sauti ya chini. Ndiyo maana kijembe hupenda "kuna watu", "wenzetu", "sisi wengine": jina linaachwa makusudi, mwenyewe aliokote.

Najua kuna atakayesema, "Mwalimu, si ni kejeli tu hiyo?" Hapana, jamani! Kejeli inamkabili mtu. Unamkejeli fulani, naye anajua kakejeliwa kwa lipi. Dhihaka, iliyotoka kwenye neno la Kiarabu la kucheka, haihitaji hata akili: ukiiga kigugumizi cha mtu umeshamdhihaki. Kijembe kinataka akili mbili, ya mrushaji na ya mlengwa. Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Na mlengwa asipoligangua? Umepoteza pumzi, nenda katunge kingine.

Utani nauacha, watani wana ruhusa yao. Mipasho nilitaka tuichambue kuanzia kitenzi "kupasha", na stihizai pia, ambayo nayo ni ndugu yake kejeli, lakini mwenyekiti wetu wa leo ananionyesha saa yake. Naiona, mwenyekiti. Nzuri sana. Inaonekana ni ya bei ghali.