Tumbo Linauma, Kalsiamu Haijapimwa

Wanaonijua wanivumilie, wimbo ni ule ule. Mgonjwa analalamika tumbo miezi mitatu. Altrasaundi imepigwa, kamera imeshuka hadi tumboni, kinyesi kimepimwa, dawa za minyoo amezimeza mara mbili. Kalsiamu ya damu je? Kimya.

Kalsiamu ikizidi, misuli ya utumbo inalegea na kusukuma kunapungua. Choo kinafunga, kichefuchefu kinaingia, chakula hakipiti kooni. Figo nazo zinashindwa kubakiza maji mwilini, mgonjwa anakojoa mno, maji yanamwishia, choo kinazidi kukauka, na kalsiamu inapanda tena. Kwa hiyo muulizeni kiu na mkojo hata kama kaja na tumbo! Mawe ya figo yanatokea humo humo. Kongosho nalo huweza kuvimba, na hapa pana mtego: likivimba sana linavuta kalsiamu kutoka kwenye damu, kipimo cha siku hiyo kinasoma kawaida. Rudieni akishapona.

Kuna atakayeniambia, “Ana kiungulia, nimempa vidonge vya kutafuna.” Vidonge gani? Vya kalsiamu kabonati? Akivila kutwa nzima, wewe ndiye unayeipandisha.

Mwingine atasema, “Tulipima, ikasoma milimoli 2.5 kwa lita, kawaida.” Albumini ilikuwa ngapi? Hapo ndipo mnaponiudhi. Karibu asilimia 40 ya kalsiamu imeshikwa na protini, hasa albumini. Mgonjwa aliyedhoofika ana albumini chache, basi jumla inaonekana ndogo wakati ile huru, isiyoshikwa na protini na ndiyo inayofanya kazi, imezidi. Kwa kila gramu moja kwa lita ya albumini iliyopungua chini ya 40, ongeza 0.02 kwenye kalsiamu. Albumini ikiwa 25 zimepungua 15, unaongeza 0.3, na ile 2.5 yako inakuwa 2.8. Mwisho wa kawaida ni kama 2.6. Bado ni kawaida hiyo? Maabara ikiweza kupima kalsiamu huru moja kwa moja, afadhali zaidi, hesabu hii ni makadirio. Na mkanda wa mkononi usikae muda mrefu wakati wa kutoa damu, maana unaipandisha kwa uongo.

Ikithibitika kuwa kalsiamu imezidi, pimeni homoni ya parathiroidi, ile ya tezi ndogo za shingoni inayopandisha kalsiamu. Ikiwa juu, au hata katikati ya kawaida, zishukuni tezi hizo, kwa sababu kalsiamu ikipanda homoni hiyo ilitakiwa ishuke. Ikiwa chini, tafuteni saratani, vitamini D iliyozidi, kifua kikuu, sarkoidosi (ugonjwa wa vivimbe vidogo mwilini, hasa mapafuni). Orodha ya dawa anazotumia pia: lithiamu ya magonjwa ya akili, thiazaidi za presha.

Naonyeshwa saa. Matibabu basi, mbio mbio: kalsiamu ikipita 3.5 ni dharura. Dripu ya chumvi ya asilimia 0.9 kwanza, mkiangalia moyo na mkojo. Asidi ya zoledroniki, dawa ya kuzuia mifupa isimwage kalsiamu, miligramu 4 kwenye mshipa, isipite kwa chini ya dakika 15, figo zikiwa zimepimwa. Nguvu yake huonekana baada ya siku 2 hadi 4, msiongeze dozi kesho yake kwa papara. Furosemidi, dawa ya kukojoza, msiiguse kabla maji hayajarudi mwilini. Maswali?